Ukuta Umelowa, Nani Atengeneze?

Masika yalipokolea nilivuta kabati la nguo kutafuta hereni ya binti yangu iliyodondokea nyuma, nikakuta ukuta umeota. Halikuwa doa. Ilikuwa kama zulia, kijani kwa weusi, kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno changu, na harufu yake ni ya gunia lililosahauliwa stoo. Viatu vya ngozi vilivyokuwa chini ya kabati vilikuwa na unga mweupe juu, na godoro la mtoto, lililoegemea ukuta huohuo, lilikuwa bichi pembeni. Mtoto alikuwa na wiki ya tatu ya kukohoa usiku.

Nikampigia mama mwenye nyumba.

"Shikamoo mama. Ukuta wa chumba cha mtoto umeota ukungu, na godoro limelowa."

"Marahaba mwanangu. Mnafunga sana madirisha. Fungueni, hewa iingie."

Aliyewahi kupanga Dar es Salaam analijua jibu hilo. Wapangaji nao wana lao, na huwa tayari mdomoni: nyumba yenyewe mbovu, ilijengwa kwa kulipuliwa. Majibu yote mawili hutolewa kabla mtu yeyote hajajua maji yametoka wapi. Hapo ndipo ugomvi huu unapoharibikia. Kumtafuta mwenye kosa kabla ya kutafuta maji ni kama kugawana urithi wa mtu ambaye bado hatujui kama amekufa. Maji yakishajulikana yanakotoka, sheria ziko wazi kuliko wengi wetu tunavyodhani. Kinachozizuia kufanya kazi ni namna tunavyolipa kodi.

Tuanze na maji. Ukungu, au fangasi kama mafundi wengi wanavyouita, ni dalili tu. Mbegu zake zimo hewani katika kila nyumba, ya tajiri na ya maskini, zinangoja unyevu. Kitu kikilowa kisipokauka ndani ya siku moja au mbili, zinaanza kuota, hasa kwenye karatasi, mbao, nguo, ngozi na jipsamu. Ndiyo maana kusugua ukuta kwa jiki na kupaka rangi juu yake kunaleta amani ya miezi miwili tu. Chanzo kipo palepale.

Njia ya kwanza ya maji ni paa. Bati la zamani likishika kutu kwenye misumari, maji hufuata msumari, huteleza juu ya mbao na kudondoka mbali kabisa na tundu lenyewe, kwa hiyo doa la siling linaweza kumdanganya hata fundi mzoefu. Siku hizi tumeongeza tatizo kwa kupenda mapaa ya kuficha, yale yaliyozungukwa na ukuta ili nyumba ionekane ya ghorofa. Bati linainama kidogo sana, na maji yote yanakwenda kwenye mfereji uliofichwa ndani ya jengo. Majani ya mwembe yakiuziba mfereji huo siku moja ya Aprili, maji hayana pa kwenda ila ndani. Nje hayaonekani mpaka siling inaanguka.

Njia ya pili ni bomba lililofukiwa ukutani. Kiungo kinachovuja tone moja kila baada ya sekunde chache hakipigi kelele, ila ukuta unakunywa usiku na mchana, masika na kiangazi. Alama yake ndiyo hiyo: doa lisilojali mvua. Funga mabomba yote ya nyumba, kisha uitazame mita ya maji kwa nusu saa. Mshale ukiendelea kuzunguka, kuna mahali maji yanatoka.

Njia ya tatu ni ardhi, na kwa miji ya pwani ndiyo yenye kusumbua kuliko zote. Tofali la saruji hunyonya maji kutoka chini kama utambi unavyonyonya mafuta. Fundi makini hutandaza nailoni ngumu au tabaka lingine la kuzuia maji juu ya msingi kabla ya kupandisha ukuta. Asipofanya hivyo kwa sababu mwenye mali alitaka kuokoa pesa, maji yatapanda maisha yote ya nyumba. Kama mchanga uliotumika ulichotwa karibu na bahari, chumvi nayo inapanda, inavuta unyevu wa hewani, na kuifanya plasta ivimbe na kumeguka kama ugali mkavu. Wenye nyumba wengi huficha hali hii kwa kubandika vigae hadi usawa wa kiuno. Maji hayajali vigae. Yanapanda nyuma yake na kutokea juu, na msimu unaofuata doa liko usawa wa kifua.

Hapa nitaje Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwa sababu kosa lake ni la aina hiyohiyo. Nyumba zile zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa huacha ukuta upumue. Mtu mwenye nia njema anakuja kuzipiga plasta ya saruji ili "ziwe imara". Saruji inaufungia unyevu ndani, na ukuta uliodumu zaidi ya karne unaanza kubomoka kwa matengenezo. Si kila mwenye nyumba aliyetengeneza ametengeneza.

Njia ya nne ndiyo ile aliyoitaja mama mwenye nyumba wangu: hewa ya ndani. Tunapumua, tunapika, tunaoga, tunaanika nguo sebuleni mvua inaponyesha, na mvuke wote huo lazima utue mahali. Ukigusa ukuta wa baridi unageuka maji. Chumba cha jirani chenye kiyoyozi kilichofunguliwa mpaka mwisho kinaweza kuupoza ukuta wa pamoja, ukalowa upande wa pili ambako hakuna kiyoyozi. Kabati lililobanwa ukutani linazuia hewa kupita. Haya ni kweli, na mpangaji anayakubali au anajidanganya.

Lakini hata hapo kuna la kuuliza. Nyumba nyingi za zamani za mji huu zilikuwa na matundu ya hewa juu ya kila dirisha, yenye wavu wa mbu, ambayo hayakuhitaji kufunguliwa na mtu. Tumeyaondoa. Tumeweka madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, ambayo hata ukiyafungua yote ni nusu tu ya nafasi inayobaki wazi, na choo cha ndani chenye kidirisha cha ukubwa wa daftari. Mpangaji akiambiwa afungue hewa katika nyumba iliyojengwa bila njia ya hewa, anabebeshwa kosa la ramani.

Kuna jaribio dogo ambalo ningependa kila mtu alijue kabla hajapiga simu ya hasira. Kausha sehemu ya ukuta kwa kitambaa, bandika kipande cha nailoni angavu chenye ukubwa wa karatasi ya daftari, uzibe pande zote nne kwa utepe wa gundi, usubiri siku mbili. Matone yakitokea juu ya nailoni, upande wa chumba, unyevu ni wa hewani. Yakitokea nyuma yake, upande wa ukuta, maji yanatoka ndani ya jengo. Nilibandika vipande vitatu. Siku ya pili jioni vyote vitatu vilikuwa vikavu mbele na vimejaa jasho nyuma.

Sasa sheria. Tanganyika ilirithi sheria ya kimazoea ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na sheria hiyo ilikuwa kali kwa mpangaji: anayepanga nyumba tupu anaichukua kama alivyoikuta, aikague mwenyewe. Palikuwa na tundu moja dogo. Mwaka 1843, katika kesi ya Smith na Marrable, mpangaji aliyehama nyumba yenye samani kwa sababu ya kunguni alishinda, mahakama ikisema nyumba ya namna hiyo lazima iwe inakalika siku ya kuanza. Ile isiyo na samani haikupata kinga hiyo.

Kwa Tanzania Bara, mzani ulihama kwa Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999. Kifungu cha 88 kinaweka ahadi za mwenye nyumba ndani ya upangishaji hata kama mkataba wenu wa ukurasa mmoja haukuziandika. Mbili zinatuhusu moja kwa moja. Panapopangishwa sehemu tu ya jengo, ni juu yake kutunza paa, kuta za nje na kuta kuu, mifereji mikuu na sehemu zinazotumiwa kwa pamoja. Na inapopangishwa nyumba ya kuishi, au hata chumba kimoja, kiwe kinafaa kuishi binadamu siku ya kwanza na kiendelee kufaa muda wote wa upangaji. Narudia maneno hayo, kiendelee kufaa, kwa sababu ndiyo yanayosahauliwa. Mwenye nyumba akisema "ulipoingia uliiona" anazungumza sheria tuliyoirithi mwaka 1920.

Kifungu cha 89 kinamgeukia mpangaji. Airudishe nyumba ilivyokuwa, isipokuwa uchakavu wa kawaida na madhara ya majanga ambayo hakuyasababisha kwa uzembe. Kwa hiyo anayedai kwamba mpangaji hana wajibu wowote naye anakosea.

Kenya ina vifungu vinavyofanana sana katika Sheria yake ya Ardhi ya mwaka 2012, cha 65 kwa mwenye nyumba na cha 66 kwa mpangaji, na Katiba ya 2010 katika ibara ya 43 inataja haki ya makazi ya kutosha na viwango vinavyostahili vya usafi. Sheria za afya ya jamii za nchi zote mbili zinampa afisa afya nguvu juu ya nyumba inayohatarisha afya. Watu wengi wanamjua afisa afya kwa vyoo na migahawa tu. Wachache wanajua anaweza kuitwa kwa ajili ya ukuta.

Ukiziweka njia nne za maji kando ya vifungu hivyo, picha inatulia. Paa, bomba la ukutani na maji ya ardhini ni vya mwenye nyumba, kwa sababu mpangaji hana mamlaka ya kuvunja ukuta wala kupanda juu ya bati. Mvuke wa maisha ya kila siku ni wa mpangaji, mradi nyumba ina njia ya kuutoa. Mizozo halisi hukaa mpakani. Mpangaji ameita fundi wa dishi, fundi amekanyaga bati na kutoboa matundu manne ya skrubu: hayo maji ni ya mpangaji, hata kama yanapitia paani. Amefunga kiyoyozi chake na kuacha mrija wa maji ukimwagia ukuta mwaka mzima: ni yake pia. Mpangaji wa juu anadeki kwa ndoo, maji yanashuka kwa wa chini: kama sakafu ina ufa, ni la mwenye jengo, kama haina, ni la wa juu.

Na kuna kosa moja la mpangaji ambalo naliona zito kuliko yote, nalo ni kunyamaza. Tone likiripotiwa wiki ya kwanza ni kazi ya asubuhi moja. Likifichwa miezi minane kwa kuogopa kuonekana msumbufu, linakula siling, nyaya na mbao. Mwenye nyumba ambaye hakuambiwa hawezi kulaumiwa kwa asichokijua ndani ya chumba asichoruhusiwa kuingia bila hodi.

Kwa nini basi, kama vifungu vipo, kuta zinaendelea kuota? Kwa Dar es Salaam naona sababu kubwa ni kodi ya miezi sita. Unapokabidhi fedha ya nusu mwaka kwa mkupuo, pamoja na ya dalali, umetoa kitu pekee kilichomfanya mwenye nyumba akusikilize. Mwezi wa pili ukuta ukilowa, yeye kodi yake ameshaila, na wewe huna akiba ya kuhamia kwingine. Anaweza kusema "nitamtuma fundi" hadi mkataba uishe. Zamani ilikuwapo Sheria ya Kudhibiti Kodi ya Pango ya mwaka 1984, na mabaraza yake. Ilifutwa mwaka 2005, na mahali pake hakukuwekwa chombo chepesi cha mambo madogo ya nyumba za kupanga. Mgogoro wa bomba unaweza kuishia katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, foleni moja na watu wanaogombea viwanja. Baraza la Kata siku hizi linasuluhisha tu.

Wakenya wengi hulipa mwezi kwa mwezi, lakini huacha amana, na amana ndiyo inayogeuka kitanzi: siku ya kuhama, mwenye nyumba anakata gharama ya kupaka rangi ukuta ulioharibiwa na bomba lake mwenyewe. Mpangaji akizuia kodi kwa hasira, kuna Sheria ya Kukamata Mali kwa Deni la Kodi, sura ya 293, na dalali wa mnada anaweza kubisha hodi. Sipendekezi kuzuia kodi, huko wala huku. Anayezuia kodi anaubadilisha mgogoro wa maji kuwa mgogoro wa deni, na katika huo wa pili yeye ndiye mkosaji.

Nisiwasahau wenye nyumba. Wengi wao si matajiri. Ni mwalimu mstaafu aliyejenga chumba kimoja kila mwaka, ni mjane ambaye vyumba vinne vya uani ndiyo pensheni yake. Kodi inapoingia inakwenda moja kwa moja kwenye ada na dawa. Mama mwenye nyumba wangu ni mmoja wao, na nilipomfikiria hivyo hasira yangu ilipungua, ingawa kikohozi cha mtoto hakikupungua. Ila biashara ya kupangisha nyumba bila kutenga chochote kwa ajili ya matengenezo ni biashara ya kula jengo. Bati na bomba vinazeeka, mwenye navyo apende asipende, na gharama hiyo asipoilipa kwa fedha, mtu mwingine atailipa kwa mapafu.

Hilo si neno la kukuza mambo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu unyevu na ukungu ndani ya nyumba mwaka 2009, likiuhusisha na pumu na magonjwa mengine ya njia ya hewa. Na Uingereza, nchi tuliyorithi sheria yake, ilifundishwa kwa msiba. Desemba 2020 mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki huko Rochdale. Wazazi wake walitoka Sudan na walipanga kwa shirika la nyumba za jamii. Baba yake aliripoti ukungu mwaka 2017, akaambiwa apake rangi juu yake. Novemba 2022 mchunguzi wa vifo alitamka kwamba mtoto alifariki kwa maradhi makali ya njia ya hewa yaliyosababishwa na kukaa muda mrefu kwenye ukungu. Shirika lilikiri kwamba lilikuwa limekisia kuhusu mtindo wa maisha wa familia ile. Yaani liliikisia njia ya nne kabla ya kuzitazama tatu za kwanza.

Sheria iliyozaliwa na kifo hicho ilianza kutumika kwenye nyumba za jamii za Uingereza tarehe 27 Oktoba 2025, na nguvu yake iko kwenye kalenda. Hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24. Unyevu na ukungu mkubwa uchunguzwe ndani ya siku 10 za kazi, na uchunguzi ukishakamilika, nyumba ifanywe salama ndani ya siku 5 za kazi. Sheria yetu inasema nyumba ifae kuishi. Haisemi kufikia lini. Tukipata nafasi ya kuirekebisha, ningeanza na siku, kabla ya faini.

Kwa sasa kalenda hiyo tunaweza kuiandika wenyewe. Mkataba wa pango hauzuiwi kusema kwamba uvujaji ukiripotiwa, fundi afike ndani ya siku saba, na asipofika, mpangaji atengeneze kwa bei iliyokubaliwa, wakatane kwenye kodi inayofuata. Siku ya kukabidhiwa funguo, piga picha kila kona, hasa nyuma ya milango na chini ya sinki, uzitume kwa mwenye nyumba siku hiyohiyo. Ripoti kwa maandishi hata kama mmeshaongea. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua ujumbe wa simu kama ushahidi, na ujumbe una tarehe, wakati maneno ya mlangoni hayana. Mkishindwana, anza kwa mjumbe na serikali ya mtaa. Wengi wa wenye nyumba wanaona aibu kuitwa ofisini kuliko wanavyoogopa baraza.

Mimi nilimtumia mama picha za nailoni tatu, na ya mita ya maji ikizunguka mabomba yote yakiwa yamefungwa. Hakujibu siku nne. Siku ya tano alikuja mwenyewe na fundi bomba, akakaa kwenye kigoda koridoni, kanga begani, akimtazama fundi akigonga vigae vya bafuni kwa nyundo, upande wa pili wa ukuta wa mtoto. Vigae vilitoka na plasta yake, imelainika kama uji. Ndani palikuwa na kiungo cha chuma kilicholiwa na kutu mpaka kikawa na tundu dogo la kupenya sindano, na uzi wa maji ukitoka humo, mwembamba, bila sauti.

Mama alikishika, akakigeuza mkononi.

"Hiki kiliwekwa na marehemu," alisema. "Mwaka tuliohamia."

Fundi alibadilisha kipande chote kwa bomba la plastiki. Nilinunua mimi vifaa, tukaandika, naye akatia sahihi. Kodi iliyofuata tulikatana shilingi 85,000. Ukuta ulichukua wiki saba kukauka kabla ya kupakwa rangi. Kabati sasa limesogezwa kiganja kimoja kutoka ukutani, na dirisha la chumba cha mtoto linafunguliwa kila asubuhi, kwa sababu katika hilo mama alikuwa na haki. Godoro hatukulitaja, si mimi wala yeye, na sikupata kifungu kinachosema waziwazi ni la nani. Nilinunua jingine.